Jumbe Hakwenda

Alikuja baada ya alasiri, nimekaa barazani napeta mchele. Siku zote hodi ya mwanamke yule husikika hadi nyumba ya tatu, lakini siku ile alisimama kimya chini ya ngazi, kanga kaifunga kiunoni kama mtu aendaye shamba, mkononi bahasha ya kaki iliyokunjwa mara mbili.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Pita ukae."

Hakukaa. Alitoa karatasi ndani ya bahasha akaiweka kwenye ungo wangu, juu ya mchele. "Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma. Nisomee hii. Nionyeshe palipoandikwa ajira."

Kilikuwa cheti cha mwanawe wa kwanza, cha kumaliza mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa, JKT. Nikavaa miwani. Jina lake, muda aliotumikia, saini, mhuri. Nikarudia, safari hii kwa kidole, kama nilivyokuwa nikiwafundisha watoto wa darasa la kwanza.

"Haimo," nikasema.

"Basi wewe uliitoa wapi?"

Sikuwa na jibu, na yeye hakulingoja. Alikiinua cheti, akakung'uta punje mbili tatu zilizokishika zikarudi kwenye ungo, akaniaga kwa adabu zake zote. Adabu zile ndizo zilizoniuma. Angenitukana ningepata la kujibu.

Nilistaafu ualimu mwaka 2019, na Novemba ya mwaka huohuo nikachaguliwa mwenyekiti wa mtaa, huku Ngamiani, Tanga, ambako barabara zina namba na kila nyumba ya pili ina baiskeli imeegemezwa ukutani. Kazi ya mwenyekiti wa mtaa anayeijua ni aliyeifanya. Barua za utambulisho, ugomvi wa maji machafu yanayomwagwa mlangoni kwa jirani, misiba, na matangazo yanayoteremka kutoka juu. Tangazo linatoka jeshini, linapita mkoani, wilayani, kwenye kata, mwisho linafika kwangu likiwa nakala ya nakala, maandishi yamefifia, na mtendaji ananikabidhi kwa maneno mawili: "Mama, hamasisha."

Nikahamasisha. Ilikuwa mwaka wangu wa pili kwenye kiti, Jumapili saa kumi jioni, chini ya mwembe. Nilisoma tangazo la vijana wa kujitolea mstari kwa mstari. Awe raia. Umri usizidi hapa. Awe na afya nzuri, vyeti halisi vya shule na cha kuzaliwa. Awe hajaoa wala kuolewa. Asiwe na kosa la jinai. Asiwe na michoro mwilini. Hapo kwenye michoro walicheka, na kijana mmoja akashusha mkono wa shati taratibu akidhani hatumwoni. Nikafika aya ya mwisho. Jua lilikuwa bado kali, wa nyuma wameanza kunong'ona, wasichana wawili wamekwisha kuondoka. Nikaikunja karatasi.

"Haya mengine mtayasoma ubaoni," nikasema. "Mimi nawaambia kama mama yenu, na nimepita huko mwenyewe. Serikali haiwezi kukulea miaka miwili, ikakuvisha, ikakulisha, ikakufundisha, halafu ikakutupa. Ukitoka JKT hukosi pa kushika."

Walipiga makofi. Wakaandikisha majina kumi na mmoja.

Aya niliyoikunja ilisema hivi, kwa ufupi: JKT haitoi ajira, wala haihusiki kumtafutia kijana ajira kwingine, inafundisha uzalendo, ukakamavu na stadi za kazi, na mkataba ukiisha kijana anarudi nyumbani kujitegemea. Haikuwa imefichwa. Kila tangazo la aina hii huwa nayo, na wala si kwa herufi ndogo. Baadaye, usiku ule wa cheti, nilijitetea moyoni kwamba neno "ajira" halikutoka mdomoni mwangu hata mara moja. Ni kweli, halikutoka. Lakini miaka thelathini na zaidi nimefundisha ufahamu. Ningempa mwanafunzi ile hotuba yangu, nikamuuliza msemaji anaahidi nini, asiyejibu "ajira" ningemwekea kosa.

Nimejiuliza sana kwa nini niliamini nilichokisema, maana nilikiamini. Sikuwa nadanganya.

Mimi ni wa mwaka 1964. JKT ni kaka yangu kwa mwaka mmoja, ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Wakati wetu, ukimaliza kidato cha sita huulizwi unataka au hutaki, unakwenda mwaka mzima kwa mujibu wa sheria, ndipo ufikirie chuo. Mwaka 1984 nikapangiwa Mafinga. Mtoto wa pwani aliyezoea kulala na dirisha wazi, nikashushwa Iringa mwezi wa Juni. Baridi ya Mafinga naijua hadi leo kwenye vifundo vya vidole. Kipenga cha alfajiri kinakukuta ndani ya hanga umejikunja kama kambale aliyekaushwa, na kabla hujajua mguu upi ni wako, mko nje mnakimbia mchakamchaka, mnaimba, mvuke unawatoka midomoni. Niliyekuwa nikikimbia naye ubavuni alitoka Bukoba, wa nyuma yangu alitoka Songea. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia Kiswahili kimevaa lafudhi tatu kwenye mstari mmoja.

Mama yangu alilia siku aliponiona kwenye picha nimevaa suruali. Hakulia kwa ajili ya baridi.

Kuruta hana jina. Ni "wewe" tu, na "wewe" huyo analima, anachota, anapika, anasimama lindo. Nilifundishwa kunyoosha kitanda mpaka sarafu iruke, na sijawahi kuona faida ya hilo. Nilifundishwa pia kwamba mtu anaweza kuchoka hadi mwisho, kisha akakuta kuna mwisho mwingine mbele. Hilo limenifaa mara nyingi, hasa kwenye madarasa ya watoto tisini. Simsemi vibaya afande yeyote wa wakati ule, isipokuwa mmoja, naye alishakufa, Mungu amrehemu.

Nilipotoka, nilikwenda chuo cha ualimu, na chuo kilipokwisha nikapangiwa shule. Sikuomba kazi. Hakuna mwenzangu aliyeomba kazi. Serikali ya wakati ule ilikuwa na upungufu wa walimu, ukihitimu unapewa barua yenye jina la shule na nauli ya kufika. Kwa hiyo kichwani mwangu mambo yalijipanga foleni: jeshi, chuo, kazi. Jeshi lilitangulia, nikaliona ndilo lililoivuta kazi. Kumbe kazi ilikuwa inakuja tu, kwa upungufu wa walimu, hata ningekaa mwaka ule mzima Ngamiani nakaanga mihogo.

Chini ya mwembe, basi, niliwapa wale watoto mwaka 1985.

Lakini kwa nini wazazi waliniamini bila kuniuliza? Hili nalo nililichelewa. Mwaka 1994 utaratibu ule wa JKT ulisitishwa, serikali haikuwa na fedha. Vijana wa kujitolea walianza kuchukuliwa tena mwaka 2001, na wa mujibu wa sheria mwaka 2013, safari hii kwa miezi mitatu. Sasa hesabu. Mama wa yule kijana wa cheti alizaliwa miaka ya themanini mwanzoni. Alipofika umri wa kwenda, kambi zilikuwa zimefungwa kwa watu kama yeye. Mtaa mzima, watu wa rika lake hawana hata mmoja aliyewahi kuwa kuruta. Wanalijua jeshi kwa kuliona likipita, magari ya kijani na buti zinazong'aa siku ya sherehe. Pengo lile la miaka ndilo nililosimama juu yake nikahutubia. Hapakuwa na mtu wa kuniambia, "Hapana Mwalimu, siku hizi si hivyo."

Na nisingeweza kusema sikusikia. Aprili ya mwaka 2021 nchi nzima ilisikia kwamba vijana 854 waliokuwa wakijitolea JKT wamesitishiwa mikataba baada ya kugoma wakidai waajiriwe jeshini. Redio iliwahukumu kwa utovu wa nidhamu, na mimi nilitikisa kichwa na redio. Sikujiuliza watoto 854 waliitoa wapi imani ile ya kuwa ajira ni haki yao. Sasa naona wengine waliitoa chini ya miembe kama yetu.

Babu yangu mzaa mama alikuwa Mbondei wa huko Muheza, na alikuwa keya. Vijana wa leo neno hilo hawalijui: ni askari wa Kiafrika wa jeshi la Mwingereza, wale wa King's African Rifles. Alipelekwa Burma kwenye Vita vya Pili, yeye akiita Bama. Mji huu haukosi simulizi za vita, maana hata Novemba 1914 Waingereza walishuka hapahapa Tanga na askari kutoka India, Wajerumani wakawarudisha baharini, na wazee hupenda kusema kuwa nyuki ndio walioshinda. Hizo babu alizipenda. Za kwake hakupenda kuzisimulia. Nakumbuka jambo moja tu, nilipomuuliza ilikuwaje akaenda nchi ya mbali vile kupigana na watu wasiomkosea. Akasema jumbe, yaani mkuu wa kijiji wa wakati wa mkoloni, alikuja kijijini, akawakusanya vijana, akasema mtakula vizuri, mtarudi na fedha, mtapewa shamba.

"Ukapewa shamba, babu?"

Akaniangalia. "Jumbe hakwenda," akasema, akaendelea kusuka mkeka wake.

Kwa miaka mingi nililichukua neno lile kama kijembe tu cha mzee. Hata nilipohutubia nilijiona salama nalo. Mimi nilikwenda, nina haki ya kusema. Sasa najua mtu anaweza kuwa alikwenda na bado akawa jumbe.

Nimewahi kumwona kiongozi aliyefanya vizuri zaidi. Mwaka 1978 nilikuwa na miaka kumi na minne. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alizungumza redioni kuhusu Idi Amin kuvamia Kagera, na barazani kwetu watu walikuwa wamejaa hadi barabarani kuisikiliza redio moja. Uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo: watoto tulilirudia hilo wiki nzima tukicheza. Baadaye mgambo wakaanza kuitwa. Mwenyekiti wetu wa tawi alipita nyumba kwa nyumba, wala hakusema habari za fedha au shamba. Alisema kuna vita na wengine hawatarudi. Na wa kwanza kupanda lori alikuwa mwanawe. Kampala ilianguka Aprili 1979, na kijana yule alirudi, kakonda, haongei. Wale waliopoteza watoto waliendelea kumwamkia mwenyekiti yule hadi alipokufa. Nilidhani walimheshimu kwa sababu ya kumtoa mwanawe. Nafikiri sasa ilikuwa ni kwa sababu hakuwapunja maneno.

Turudi kwa wale kumi na mmoja. Waliochukuliwa mwisho wa yote ni watatu. Wengine walikwama umri, vyeti, afya. Mmoja alikwama kwa lile chale la mkononi, nanga ya bluu aliyochorwa na mabaharia. Na wawili wasingeandikwa kabisa kama si sisi wazee. Hilo nalo niliseme, maana ni tabia yetu. Lilipotoka tangazo, wazee walinijia usiku na orodha. "Mwenyekiti, yule wa maskani ya pale sokoni, mpeleke. Na yule mvuta bangi. Waende wakanyooshwe." Nikawaandika. Tulikuwa tunalitwika jeshi kazi ya malezi iliyotushinda. Mmoja alifika mbele ya kamati ya wilaya, akaulizwa kwa nini anataka kujiunga, akajibu kwa ukweli wake wote: "Nimeletwa." Walimrudisha, na alikuwa amekwisha kuaga watu wote wa maskani.

Matapeli wao hawakosi. Kila tangazo likitoka, anatokea bwana mmoja mwenye simu mbili anayejua mtu anayejua mtu. Laki tatu, jina linapita. Fomu ni bure, usaili ni bure, nafasi haziuzwi, na hayo pia yameandikwa. Lakini nilipokuwa nimewaaminisha watu kwamba ile ni ajira, laki tatu ilikuwa bei nafuu. Mama mmoja aliuza cherehani. Simu zote mbili za yule bwana hazikupatikana tena.

Yule kijana wa cheti, mtoto wa fundi baiskeli, alikuwa mmoja wa watatu waliokwenda. Barua ya kambi ilikuja, baba yake akamchinjia kuku, na kwa miaka miwili mama yake alikuwa akitembea mtaani kama mtu mwenye mtoto Ulaya. "Mwanangu yuko jeshini." Hakuna aliyemsahihisha, mimi nikiwa wa mwisho wa kufanya hivyo.

Aliporudi, alikaa ndani miezi mitatu. Alikuwa akitoka usiku tu. Nilikwenda kumtazama siku chache baada ya mama yake kuniletea cheti, nikamkuta uani, amekua, kifua kimepanuka, kakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Aliinuka kunisalimia, akasimama wima kabisa, visigino pamoja, kisha akakumbuka yuko nyumbani akalegea. Jambo dogo lile lilinivunja.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba baba. Kambi ilikuwaje?"

Nilitegemea malalamiko. Akanisimulia nusu saa, uso umemchangamka. Alijifunza kuchomelea vyuma. Alifyatua matofali asiyoweza kuyahesabu. Alilima, akafuga, akajifunza bunduki, akapata rafiki wa Kigoma ambaye mpaka leo wanapigiana simu. Jeshi lenyewe lilipokuja kuchagua, alifanya usaili, hakupata. Wengi hawakupata. Kambini waliambiwa tangu wiki ya kwanza kwamba hakuna ahadi.

"Wiki ya kwanza?"

"Wiki ya kwanza, Mwalimu. Afande alitusimamisha paredi akatuambia. Kambini hakuna aliyenidanganya." Akasita, anatafuta namna ya kusema bila kunivunjia heshima. "Tatizo lilikuwa huku nyumbani. Mtaani wanasema nimefukuzwa."

Sikuwa nimelifikiria. Mimi niliona nimemkosesha ajira. Kumbe ajira haikuwa mikononi mwangu kuitoa wala kuizuia. Nilichomnyang'anya ni kurudi kwake. Aliyeahidiwa ajira akirudi mikono mitupu, mtaa hausemi ahadi ilikuwa ya uongo, unasema yeye kashindwa. Kijana aliyetimiza miaka miwili yake yote, mwenye cheti na ufundi, aliingia mtaani kwake usiku kama mwizi, kwa sababu ya sentensi yangu moja.

Nilimwomba radhi palepale uani. Aliona haya kuliko mimi. Mama yake alikuwa jikoni, alisikia, na hakutoka.

Tangu hapo nimebadili namna ya kufanya, na mtu aliyenifundisha kuibadili ni mvuvi mmoja, dau lake liko Sahare. Binti yake alimaliza kidato cha nne, akataka kwenda kujitolea. Baba alinijia baada ya isha na wazee wawili, kama watu waliokuja kuposa. Maswali yake alikuwa ameyapanga: analala wapi, nani anamwamsha, nani anamfokea, ataswali saa ngapi. Nilitaka kujibu nikakumbuka Mafinga yangu ina umri wa miaka arobaini. Nikamwita binti wa jirani aliyetoka kwenye mafunzo ya miezi mitatu, bado ngozi imeungua jua. Akawaeleza mwenyewe. Wasichana wana mahanga yao. Wanapimwa ujauzito kabla ya kupokelewa, mzee alikohoa hapo. Kazi ni zilezile za wavulana, na nywele zinanyolewa. Saa ya swala ipo, uvivu wa kuamka ndio haupo. Mambo mawili aliyajibu kwa namna ambayo ingemfanya mzazi yeyote asite, nikamwacha aseme.

"Na miaka miwili ikiisha?" akaniuliza mimi.

"Anarudi nyumbani na cheti, na alichojifunza. Anaweza kuchaguliwa jeshini, polisi au magereza nafasi zikitoka, na waliopita JKT huangaliwa. Wengi hawachaguliwi. Mpokee kama anarudi."

Alikaa kimya muda mrefu. Wazee wake wakawa wanatazama dari. Kisha akasema jambo ambalo sijalisikia kwenye semina yoyote ya viongozi, na nimehudhuria nyingi: "Mtoto nikimpeleka najua atarudi, siku akirudi nitamwekea chakula. Nikimpeleka najua harudi, siku akirudi nitamwona mzigo."

Binti alikwenda. Bado yuko huko ninapoandika haya.

Siku hizi siwasikilizi wazee wenye orodha za usiku. Nawaambia jeshi si jela, kawaleeni. Siandiki jina la kijana ambaye hajaja mwenyewe kwa miguu yake. Na wazazi nawaita peke yao kwanza, kabla ya vijana, maana kijana akirudi ni mlango wa mzazi atakaoubisha. Mtendaji hakufurahi. Aliniuliza kama nahamasisha au navunja watu moyo. Nikamwambia sijui, nasoma tu karatasi aliyoniletea.

Tangazo lilipokuja tena, nilikwenda kwa fundi baiskeli. Mwanawe siku hizi ni mlinzi wa usiku kwenye ghala, na mchana akipata mashine ya kuazima anachomelea keria na stendi za baiskeli pale kwa baba yake. Si maisha aliyoyataka. Nilimwomba aje chini ya mwembe asome badala yangu. Alikataa. Nikamwacha wiki, nikarudi. Akasema atasoma, lakini hatahutubia.

Alikuja na shati limepigwa pasi. Hakuanza juu ya karatasi. Alianza na aya ya mwisho, akaisoma yote, kwa sauti ya paredi hadi walio barabarani wakasimama na baiskeli zao. Kisha akapanda juu akasoma mengine kwa mpangilio. Kijana mmoja akamuuliza kama anajuta. Akafikiri. "Nimejifunza kuchomelea," akajibu. "Na Kigoma nina ndugu." Akanirudishia karatasi akaenda zake, lindo lilikuwa linamngoja.

Waliojiandikisha mara ile walikuwa wanne. Mtendaji aliiangalia orodha, akaigeuza nyuma kuona kama kuna mengine.

Wa nne alikuwa mdogo wake yule kijana. Jioni yake mama akaja barazani kwangu, na ile bahasha ya kaki. Safari hii ndani mlikuwa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa pili, anataka barua ya utambulisho.

"Ulisikia alichosoma kaka yake?" nikamuuliza.

"Nilikuwa pale nyuma."

"Yote?"

"Mwalimu," akasema, "andika barua." Akavuta kigoda, akakaa.